Vigae Chini ya Ukuta

Yako maandiko mengi yanayohusu mambo ya kale ya nchi yetu. Viko vitabu vya wataalamu wa kigeni, ziko tarehe za miji zilizoandikwa na wenyeji wenyewe, na yako masimulizi ya wazee yaliyonukuliwa na maofisa wa utamaduni wilayani. Lakini liko fungu moja ambalo msomaji wa kawaida halijui, wala hajapata kulishika mkononi: nalo ni tasnifu za wanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu wasomao elimu ya mambo ya kale, au akiolojia kama iitwavyo siku hizi. Vijana hawa huingia vijijini na mwiko wa mwashi, chekeche na mifuko ya nailoni. Hukaa majuma machache. Huondoka na mzigo wa vigae na mawe. Na baada ya miezi kadhaa hutoa kitabu chembamba ambacho husomwa na msimamizi, kisha na mtahini, kisha hupandishwa rafuni. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ilivyopata kuwapo katika nchi hii, na jinsi tasnifu moja ya namna hiyo ilivyotusahihisha sisi wenyewe, tuliodhani kwamba tunaijua historia ya pwani kwa kuwa tumeitungia mashairi.

Tuseme mapema, ndugu msomaji, kwamba sisi si wataalamu wa elimu hiyo. Masomo yetu yaliishia sekondari, na mengine tuliyoyapata tuliyapata kazini, katika ofisi za utamaduni, ambako mtu hujifunza kuandaa ngoma, kupokea wageni, kuandika taarifa za robo mwaka na kutunga beti za sherehe. Tunalolieleza hapa ni lile tuliloliona kwa macho.

Kwa muda mrefu kazi ya kuchimbua mambo ya kale Tanganyika ilikuwa ya wageni, na wenyeji walikuwa washika majembe. Mwaka 1911 daktari Mjerumani aitwaye Wilhelm Kattwinkel alifika katika bonde la Olduvai, na mwaka 1913 akafuatwa na Hans Reck, ambaye alichimbua huko mifupa ya wanyama na ya binadamu. Louis Leakey alianza kazi bondeni humo mwaka 1931. Na tarehe 17 Julai, 1959, mkewe Mary aliliona fuvu lile mashuhuri lililopewa jina la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka ipatayo milioni moja na robo tatu. Hatuna haja ya kuupunguza utukufu wa kazi hiyo. Lakini katika hadithi ya ugunduzi kama ilivyozoeleka kusimuliwa, mwenyeji hutokea mara nyingi akiwa kama kivuli tu cha mtu aliyeinama shimoni. Majina yalianza kuonekana polepole. Taya la kale lililopatikana Peninj, karibu na Ziwa Natron, mwaka 1964, liliokotwa na Kamoya Kimeu, mwana wa Kenya. Na fuvu la Ndutu la mwaka 1973 lilichimbuliwa na Mtanzania, Amini Mturi, aliyekuja kuiongoza Idara ya Mambo ya Kale.

Siasa nayo ilikwisha tangulia. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1964 ikapitishwa Sheria ya Mambo ya Kale, iliyokuja kurekebishwa mwaka 1979, ambayo inakataza mtu yeyote kuchimbua bila kibali na inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Hata hivyo, sheria ni jambo moja na watu wa kuitekeleza ni jambo jingine. Kijana aliyetaka kusomea akiolojia hakuwa na budi kuvuka bahari, hadi mwaka 1985 masomo hayo yalipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndani ya Idara ya Historia. Tangu hapo mtoto wa mkulima wa Kisarawe au wa Kilwa ameweza kusoma udongo wa kwao akiwa kwao, na kuuandikia tasnifu. Jambo hili halikupigiwa ngoma siku lilipotokea, na labda ndiyo sababu wengi hawajui kwamba lilitokea.

Katika pwani yetu, hoja kubwa iliyokuwa ikiwangoja vijana hao ni ile ya asili ya miji ya mawe. Nani alijenga Kilwa, Kaole, Kunduchi, Tongoni? Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani kuanzia mwisho wa miaka ya hamsini na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974, alielekea kuiona miji hiyo kuwa ni matunda ya wageni waliotoka Uajemi na Arabuni. Lakini mtu huyo alikuwa mwaminifu katika uchimbaji wake, nasi tunamsifu kwa hilo, kwa kuwa aliandika pia alichokikuta chini ya mawe: makao ya zamani zaidi, ya watu walioishi katika nyumba za miti na udongo, waliopika katika vyungu vya hapa hapa. Isitoshe, tarehe ya Kilwa yenyewe, isimuliayo kuja kwa Ali bin al-Hasan kutoka Shirazi, inasema kwamba alikinunua kisiwa kwa nguo. Basi kama kilinunuliwa, muuzaji alikuwapo. Ajabu ni kwamba sisi sote tuliisoma habari hiyo ya nguo tukaishangaa nguo, tusimwulizie muuzaji.

Aliyemwulizia kwa bidii kubwa ni Felix Chami. Katika kitabu chake cha udaktari kilichotolewa Uppsala mwaka 1994, alikusanya ushahidi wa vyungu vya milenia ya kwanza baada ya Kristo katika pwani ya Tanzania. Vyungu vya zama za mwanzo, vya kama karne ya tatu na zilizofuata, ni jamii ya vile vilivyokwisha kupatikana Kwale, nchini Kenya, katika miaka ya sitini. Baada yake vikaja vyungu vyenye nakshi ya pembetatu: fundi huchora mstari kuzunguka shingo au bega la chungu, kisha huning'iniza chini yake pembetatu zilizojazwa vistari vya kukingama. Vyungu vya namna hii, vya kama karne ya sita hadi ya kumi, vimeonekana kutoka pwani ya Kenya hadi Msumbiji, vimeonekana Unguja Ukuu, na tena vimeonekana bara, huko Dakawa katika Mkoa wa Morogoro, pamoja na mabaki ya kazi ya uhunzi. Maana yake ni kwamba kabla ya ukuta wa kwanza wa matumbawe kusimamishwa, palikuwapo watu wafinyanzi, wahunzi na wavuvi, walioshirikiana desturi moja kutoka pwani hadi mbali ndani ya nchi.

Sisi hatukuyajua hayo. Wakati tukishika kazi ya utamaduni katika wilaya moja ya pwani ya kusini, ambayo hatutaitaja kwa sababu zitakazoonekana, tuliandaa kijitabu cha kuwaongoza wageni wazuruo magofu ya kijiji fulani. Palikuwa na msikiti uliobaki mihrabu na kuta mbili, makaburi kadhaa, na nyumba moja kubwa iliyomezwa na mizizi ya mkuyu. Tuliwauliza wazee wa ukoo unaoyatunza magofu, nao wakatusimulia kwa heshima kama walivyosimuliwa na baba zao. Nasi tukaongeza shairi letu la beti kumi na mbili. Mojawapo ilikuwa hii:

Palikuwa pori nene, wageni walipotua,
Hapana nyumba uone, wala chungu kuepua,
Kuta hizi tuzione, ndio waloziinua,
Asili yetu tunene, bahari ilituzua.

Beti hiyo ilipendwa. Ilighaniwa katika sherehe, watoto wa shule ya msingi waliihifadhi, na mzee mkuu wa ukoo ule aliomba iandikwe kwa rangi nyeusi juu ya kibao penye njia iendayo magofuni. Tukaiandika.

Mwaka 2009 alitujia binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na bahasha ya barua: ya chuo, ya kibali cha Mambo ya Kale, ya mkoa. Akaongezewa yetu ya wilaya, kisha ya kata, kisha ya kijiji. Alitaka kuchunguza makao ya kale katika eneo la magofu yale, kwa tasnifu yake. Tulimpa kijitabu chetu ili asipate taabu. Alikisoma palepale kwa adabu, akashukuru, akauliza: "Mzee, hii habari ya pori tupu, ilipimwa na nani?" Tulimjibu kwamba ni masimulizi ya wenyewe. Akaandika jibu letu katika daftari lake, bila neno.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutembea. Watu wengi hudhani kwamba mchimbuzi huanza kwa kuchimba, na hata mwenyekiti wa kijiji alilalamika kwamba binti anamaliza siku zake akizunguka mihogoni. Alinyosha mistari kwa dira, akafuata kila mstari akiinama, na kila baada ya hatua ishirini alichimba kijishimo cha majaribio, akaupitisha udongo katika chekeche, akahesabu alichokipata na kukitia katika ramani. Baada ya siku nne ramani hiyo ilionyesha jambo ambalo sisi, tulioyazuru magofu mara hamsini, hatukulijua: vigae vilikuwa vingi zaidi upande wa kaskazini, katika mashamba ya minazi ambako hapana ukuta hata mmoja, kuliko kandokando ya msikiti.

Kisha akafungua mashimo manne, kila moja mita moja kwa mita moja. La tatu aliliweka mahali ambapo ukuta wa nyumba kubwa ulikwisha anguka na kuuacha msingi wazi. Tulikwenda kila tulipopata gari, na siku nyingine kwa baiskeli, kwa kuwa jambo lenyewe lilianza kutushika. Alikuwa akichimba kwa mwiko, sentimita kumi kumi, na kila kumi ilikuwa na mfuko wake na kipande cha karatasi chenye namba ya shimo, kina na tarehe. Tulipomwuliza kwa nini asichukue jembe akamaliza mara moja, alisema kwamba udongo ni kitabu kinachoungua kadiri kinavyosomwa; ukurasa uliokwisha chimbwa hausomwi tena, hivyo usipoandika palepale umeiba. Hatujamsikia mtaalamu mkubwa aliyelieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Juu palikuwa na mabati, vipande vya chupa, vigae vya sahani za Ulaya. Chini ya hapo chokaa iliyoporomoka, na vigae vichache vya vyombo vya ng'ambo vyenye kung'aa rangi ya kijani. Halafu ukatokea msingi wa ukuta, na hapo sisi tulidhani kazi imekwisha, maana kwa akili zetu chini ya ukuta pana pori nene. Akaendelea. Udongo ukageuka kuwa wa kahawia iliyoiva, hauna chokaa hata chembe. Zikatoka mifupa ya samaki, makombe, mabonge ya mavi ya chuma, na vipande vya udongo mgumu vyenye alama za fito, yaani kiambaza cha nyumba ya miti iliyoungua. Na vigae, na katika vigae, kimoja chenye pembetatu tatu zilizoning'inia, safi kama zilizochorwa jana. Tabaka hilo lilipita moja kwa moja chini ya msingi. Ukuta ulikuwa umejengwa juu ya jiko la mtu.

Tulikikamata kigae kile. Kilikuwa na masizi nyuma. Tukaikumbuka beti yetu, hasa maneno "wala chungu kuepua", na ilitubidi tukae chini kivulini.

Binti hakutucheka. Lakini hatukukoma hapo. Tuliingia katika kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Kwa kuwa wageni wameondolewa katika nafasi ya kwanza, tulitaka mara moja mwingine awekwe mahali pao. Tulimshauri aandike kwamba waliokaa pale ni kabila fulani, tukalitaja, kwa kuwa ndilo letu. Alitikisa kichwa. "Mzee, chungu hakisemi lugha," alisema. "Naweza kusema walipika, walivua, walifua chuma, na vyungu vyao vinafanana na vya mahali pengine. Jina lao silioni shimoni." Tulimwambia kwamba Taifa linahitaji majina. Akajibu kwamba mtahini wake atauliza ushahidi. Kwa kweli tulikasirika kidogo siku ile. Leo tunaona kwamba binti wa miaka ishirini na mitatu alikuwa na msimamo ambao ofisi yetu haikuwa nao.

Hapa lazima tueleze kwa nini jambo hili halikuwa la vitabu tu. Ukoo ule utunzao magofu ulikuwa na mashamba ya minazi ya upande wa kaskazini, yale yale yaliyojaa vigae. Haki yao waliijenga juu ya neno moja: babu zetu walikuta patupu. Koo nyingine kijijini, zilizohesabiwa kuwa ni za waja nyuma, zililima kwa ruhusa na kutoa ada wakati wa mavuno. Habari kwamba binti wa chuo amekuta jiko chini ya ukuta ilienea kwa siku mbili, na siku ya tatu vijana wa koo hizo walikuja shimoni, si kwa nia mbaya, wakataka kuliona tabaka kwa macho yao. Jioni mzee mkuu alituita nyumbani kwake. Alimkaribisha binti kahawa, akapokea shikamoo yake, akakaa kimya kitambo, kisha akauliza: "Mwanangu, kwa hiyo sisi tulikuta watu?"

"Ndiyo, babu. Au huenda ninyi ndio watu hao, mkachanganyika na waliokuja. Shimo langu halitenganishi."

"Na mashamba?"

"Mashamba si kazi ya tasnifu, babu. Nitaandika kilichomo ardhini tu."

Mzee alisema kwamba hilo nalo ni jibu. Hakumfukuza, ingawa angeweza. Barua zote zile zisingemsaidia binti kama mzee angekataa. Tunaandika hili kwa heshima yake.

Msaada mkubwa ulitoka mahali ambapo hatukuutazamia. Alikuwapo bibi mmoja, mfinyanzi wa mwisho kijijini, aliyekuja kuona kwa nini watu wanaosha vigae kama vyombo vya karamu. Binti alimpa kimoja. Bibi alikilamba pembeni, akakivunja kidogo kwa ukucha, akasema mchanga uliochanganywa ndani yake si wa ufukoni, kwa maana wa ufukoni una chembe za makombe, nao hupasua chungu motoni. Huu ni wa mto. Akaonyesha pia kwamba mdomo wa chungu ulifutwa kwa jani bichi, si kwa kitambaa. Siku ya pili alimpeleka binti hadi kwenye kijito, mwendo wa saa moja na nusu ndani ya nchi, ambako mama yake na bibi yake walichota udongo. Binti alichukua kipande cha udongo ule, akakichoma, akakilinganisha na vigae vyake kwa kioo cha kukuza. Sehemu hiyo ya tasnifu, ambayo tulitafsiriwa baadaye, ndiyo tuipendayo kuliko zote, na jina la bibi limo katika shukrani, kabla ya jina la msimamizi.

Sasa tukiri la kwetu. Baada ya mashimo kufukiwa, binti alirudi chuoni kwa mitihani, akaiacha mifuko ya shimo la pili katika ghala ya ofisi yetu, kwa ahadi yetu kwamba itakuwa salama. Mchwa waliingia. Mchwa hawali vigae, lakini hula karatasi. Na mifuko ilikuwa imetobolewa na panya kabla yao. Aliporudi baada ya miezi miwili alikuta vigae vimemwagika vyote sakafuni, vya kina cha juu na vya chini pamoja, bila namba hata moja. Kigae kisichojulikana kilitoka wapi ni kigae tu, kama vile cha jaa lolote. Alikaa kitako sakafuni muda mrefu. Tulimwambia, na tunaona haya kuliandika, kwamba anaweza kuvigawa kwa kukisia, kwa kuwa hakuna atakayejua.

Hakuvigawa. Aliliondoa shimo la pili lote katika hesabu zake, akaandika katika sura ya tatu kwamba lebo za shimo hilo ziliharibika ghalani, na kwamba kwa hiyo hoja zake zimejengwa juu ya mashimo matatu. Hakuitaja ofisi. Msimamizi wake, kwa maelezo yake mwenyewe, alimwambia kwamba aya hiyo ndiyo iliyomfanya aziamini nyingine.

Jambo jingine lililopungua ni umri hasa. Aliokota makaa katika tabaka lile la chini, akayafunga vizuri katika karatasi ya bati. Tangu Willard Libby alipoonyesha njia hiyo mwaka 1949, makaa huweza kutoa umri wake, kwa kuwa aina moja ya kaboni iliyomo ndani ya kila kilichokuwa hai hupungua nusu kwa kila miaka ipatayo 5,730, na kwa kuipima kiasi kilichobaki hujulikana mti ulikufa lini. Lakini kipimo hicho huhitaji maabara na fedha, na posho ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza haifiki huko. Akafanya kama wafanyavyo wengi wa rika lake: akavilinganisha vigae vyake, nakshi kwa nakshi na mdomo kwa mdomo, na vile vilivyokwisha kupimwa kwingine, akasema tabaka lake laelekea kuwa la kati ya karne ya saba na ya kumi, akasisitiza neno "laelekea". Tunajiuliza ni tasnifu ngapi zimelala rafuni na makaa yake yamelala karatasini, yakingoja fedha kidogo tu ili yaseme.

Tasnifu iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi. Tulimwomba atuandikie muhtasari kwa Kiswahili, kwa kuwa si haki watu wachimbwe mashamba yao halafu wasomewe kwa lugha wasiyoijua. Alikubali, akaona taabu. Tabaka lilikuwapo, kigae kilikuwapo, mavi ya chuma yalikuwapo tangu wahunzi wa kale. Lakini lile neno la mahali hasa kitu kilipokutwa, pamoja na vyote vilivyokizunguka, lilimshinda. Nasi kwa kufidia makosa yetu tulimpa neno "kikao", akalikubali. Kurasa nne zilisomwa chini ya mwembe, mwezi wa tisa, mwaka 2010. Watu walisikiliza kwa utulivu. Bibi mfinyanzi aliomba ile habari ya mchanga isomwe mara mbili.

Elimu haikusimama hapo, na hatuna haki ya kumficha msomaji yaliyofuata. Mwaka 2023 lilitolewa katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, Kilwa na Songo Mnara ikiwamo, na katika mji mmoja wa ndani. Ilionekana kwamba tangu karibu mwaka 1000 wengi wao walikuwa wa damu mbili: upande wa mama Mwafrika kwa sehemu kubwa sana, na upande wa baba mara nyingi Mwajemi. Kwa hiyo yule mzee hakusimulia uwongo. Jahazi zilitua kweli. Kilichokuwa uwongo ni lile pori, na pori lile tulilipanda sisi zaidi kuliko yeye. Maana tulipochungua daftari letu la zamani la mahojiano tuliona kwamba mzee alisema tu "walishuka hapa", na neno la utupu tuliliongeza wenyewe kwa kutafuta mizani.

Huko kijijini ada ya mavuno ilizungumzwa tena katika baraza, kwa miaka kadhaa, na ikapunguzwa, haikuondolewa. Sijui ya vigae hayakutajwa barazani, tuliambiwa, ila kila mtu alijua yako wapi. Binti yule sasa anafanya kazi katika makumbusho, na nakala ya tasnifu yake, ile ya Kiingereza pamoja na kurasa nne za Kiswahili zilizoshonwa nyuma, imo katika kabati la mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ndani ya mkebe wa bati, kwa sababu ya mchwa.

Kijitabu chetu kilipotakiwa kuchapwa upya tuliiondoa beti ile, na kibao cha njiani tukakifuta. Mzee mkuu, ambaye wakati huo macho yalikuwa yamemtoka nguvu, alipitishwa hapo na mjukuu wake, akauliza kwa nini hasomewi. Tulikwenda tukamweleza. Alitaka kujua kama tumeweka nyingine mahali pake. Tukamwambia bado, tunayo mishororo mitatu, wa nne haujaja. Akasema tusiharakishe, kisha akaighani ile ya zamani yote, taratibu, kwa sauti yake ya madrasa, na alipofika kwenye chungu alisita kidogo, akaipita.

"Ilikuwa nzuri, hata hivyo," alisema.